KUPOKEA SI KUTEKELEZA: HISTORIA FUPI YA ISTILAHI ZA FOLENI YA UJUMBE

Miongoni mwa maswali yanayoletwa kwetu na wafasiri yako yanayoonekana madogo, lakini yakichunguzwa hufungua mlango mpana. Mojawapo lilihusu kitabu cha maelekezo ya programu ya kuwalipa wakulima kwa njia ya simu. Katika kitabu hicho neno "umepokelewa" lilitumika kufasiri maneno matatu tofauti ya Kiingereza. Mahali pa kwanza lilimaanisha kwamba ujumbe wa kuagiza malipo umefika kwenye mtambo unaoutunza. Mahali pa pili lilimaanisha kwamba programu inayolipa imeuchukua ujumbe huo. Mahali pa tatu lilimaanisha kwamba programu hiyo imeweka alama ya kuonyesha kwamba imemalizana nao. Karani aliyesoma "umepokelewa" alikuwa na haki ya kuamini kwamba mkulima amekwisha kulipwa, na mkulima ambaye hakuona kitu katika simu yake alikuwa na haki ya kumwona karani kuwa mwongo.

Haifai kumlaumu mfasiri peke yake. Wahandisi wenyewe hutaabika sana na jambo hili. Katika mitambo ya kisasa programu moja haizungumzi na nyingine ana kwa ana, bali huacha ujumbe mahali fulani, na ya pili huja kuuchukua kwa wakati wake. Mahali hapo huitwa foleni ya ujumbe. Swali gumu kuliko yote katika mpango huo ni hili: anayesoma amefikia wapi? Jibu likikosewa, ama ujumbe hurukwa usisomwe kamwe, ama husomwa mara mbili. Katika malipo, maana yake ni mkulima asiyelipwa au mkulima aliyelipwa mara mbili ambaye baadaye atadaiwa arudishe. Tunakusudia kueleza hapa historia ya jambo lenyewe na ya maneno yake, maana tunaamini kwamba Kiswahili kina maneno ya kulieleza vizuri zaidi kuliko tunavyoyatumia.

Tuanze na neno foleni. Asili yake ni ya kijeshi: lilitokana na amri ya Kiingereza ya kuwaita askari wajipange mstarini, likashuka kutoka gwarideni hadi dukani. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika, foleni ilikuwa ya sukari na sabuni. Leo mkazi wa Dar es Salaam akisema amechelewa kwa sababu ya foleni, anazungumzia magari. Sifa moja ya neno hili haikubadilika katika safari yote hiyo. Aliyehudumiwa huondoka. Ukitazama foleni unawaona wanaongoja tu, wala huwaoni waliokwisha kupita, na foleni yenyewe haikuambii kama mtu aliyetoka mbele alipata sukari au aliambiwa imekwisha. Sifa hiyo tutaihitaji baadaye.

Tatizo la kutojua nani amesoma nini ni la kale kuliko kompyuta, na mfano ulio wazi kuliko yote tunaoujua ulitokea katika nchi yetu, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Liuli, ambayo leo imo katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, iliitwa na Wajerumani Sphinxhafen, kwa sababu ya jabali lililowakumbusha sanamu maarufu ya Misri. Wajerumani walikuwa na meli moja ziwani, Hermann von Wissmann, na nahodha wake aliitwa Berndt. Upande wa Waingereza palikuwa na Guendolen chini ya Rhoades. Wawili hao walifahamiana vyema, na inasimuliwa kwamba walizoea kunywa pamoja meli zao zilipokutana.

Uingereza iliingia vitani dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Mjini Dar es Salaam habari hiyo ilijulikana upesi, na tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea ilikwisha kuupiga mji huo mizinga ikiulenga mnara wa simu ya upepo. Katika Nyasaland, ambako waya wa simu ulikuwa umefika tangu miaka ya 1890, habari ilifika pia, na Rhoades akapewa amri ya kuitafuta meli ya Wajerumani. Siku zipatazo kumi baada ya vita kutangazwa, katikati ya Agosti, aliikuta Sphinxhafen imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa, akaipiga mzinga. Berndt akarukia mashua, akapiga makasia kuelekea Guendolen akiwa amejaa hasira, akauliza kama rafiki yake amelewa. Hakuwa amepata habari ya vita. Alichukuliwa mateka.

Kisa hiki husimuliwa aghalabu kwa kuchekesha. Sisi tunakitazama kwa jicho la kazi yetu. Habari ilikuwa moja, nayo ilitolewa kwa wote. Wasomaji wake walikuwa wengi, kila mmoja akiwa mahali pake katika mfuatano wa habari: Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kusoma, Zomba ilikuwa imekwisha kusoma, Sphinxhafen ilikuwa bado. Wala si neno kwamba Sphinxhafen ilichelewa, maana ufuko ule ulikuwa mbali na njia za waya na kuchelewa kulitazamiwa. Lililo zito ni kwamba hapakuwa na mahali popote palipoandikwa kuwa Sphinxhafen haijasoma. Mtumaji wa Dar es Salaam alijua alichotuma, lakini hakuwa na njia ya kujua ni nani aliyebaki nyuma na amebaki nyuma kwa kiasi gani.

Kuna na sehemu ya pili ambayo wasimulizi huiacha. Huko Uingereza tukio la Sphinxhafen lilisifiwa kuwa ni ushindi wa majini. Kwa lugha ya daftari, kazi iliwekewa alama kwamba imekwisha. Lakini meli ilikuwa imelemazwa tu, haikuangamizwa, na mwezi wa Mei 1915 Waingereza walilazimika kurudi mahali pale pale kuishambulia tena. Alama ilitangulia, kazi ikafuata kwa miezi tisa.

Mwisho wa vita vile ulifanana na mwanzo wake. Jeshi la von Lettow-Vorbeck lilivuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji mwezi wa Novemba 1917, likauvuka tena kurudi mwishoni mwa Septemba 1918, likapita nchi ya Songea na kuendelea hadi Rhodesia ya Kaskazini. Mkataba wa kusimamisha vita ulianza kazi Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Yeye aliipata habari tarehe 13, tena kwa kumkamata tarishi wa Waingereza aliyeibeba, na jeshi lake liliweka silaha chini huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25. Hapa taabu ilikuwa ya namna nyingine: msomaji alikuwa akihama, na hakuna aliyejua ujumbe upelekwe wapi.

Tarishi aliyetajwa hapo juu ametuachia fundisho la kiofisi. Mpeleka barua wa serikali hakutakiwa kufikisha tu, alitakiwa kurudi na ushahidi. Ndiyo maana ofisi zetu zilirithi daftari la kupelekea barua, ambalo makarani wengi huliita dispachi, na mpokeaji hutia saini ndani yake. Saini hiyo ina maana moja tu, nayo ni kwamba bahasha imeshikwa na mkono wa mtu. Haisemi kwamba imefunguliwa. Kwa sababu hiyo adabu ya uandishi wa barua za serikali iliweka hatua ya pili, yule anayeandika "nakiri kupokea barua yako". Na hata kukiri huko hakusemi kwamba lililoombwa limefanyika. Hatua ya tatu hufanyika ndani ya jalada. Masijala huipa kila barua namba ya folio kwa mfuatano, na afisa huandika dokezo kwamba folio fulani imeshughulikiwa. Mtumishi yeyote aliyekaa masijala kwa mwezi mmoja anajua tofauti ya mambo haya matatu, naye hawezi kumjibu mkuu wake "barua imeshughulikiwa" kwa sababu tu kuna saini katika dispachi. Tunashangaa basi kuona kwamba tofauti hiyo hupotea mara tu mambo yale yale yanapohamia katika kompyuta.

Katika milima ya Umatengo, hesabu hizi zilifanywa kwa kahawa. Chama Kikuu cha Ushirika cha Ngoni-Matengo kilianzishwa katika miaka ya 1930, na tangu wakati huo mkulima wa huko amezoea kulipwa kwa awamu: malipo ya awali anapoleta mzigo, na malipo ya pili au ya nyongeza baada ya kahawa kuuzwa, ambako kwa miaka mingi kulifanyika mnadani Moshi. Mkononi mwake hubaki na stakabadhi, neno lenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kushika, ule ule uliotupa kabidhi. Stakabadhi ni ushahidi wa kupokewa kwa mzigo. Malipo huonekana katika leja.

Hebu msomaji afikiri juu ya karani wa chama cha msingi katika kata kama Mapera, amekaa mezani siku ya malipo ya pili, mbele yake leja yenye majina kwa mfuatano na kisanduku cha fedha. Kila anayelipwa huwekewa alama ya vema kando ya jina. Swali ni dogo sana: karani aweke vema kabla ya kutoa fedha au baada ya kuzitoa? Tuseme anaweka kabla. Ameweka vema kwa jina la 40, kabla hajahesabu noti anaitwa nje, na karani mwingine anakaa mahali pake. Huyu anaona vema kwa jina la 40, anaanza na la 41, na mkulima wa 40 atarudi nyumbani mikono mitupu huku leja ikishuhudia kwamba amelipwa. Tuseme sasa anaweka baada. Ametoa fedha kwa wa 40, kabla hajaweka vema anaitwa nje. Karani wa pili anaona kwamba wa 40 hana alama, anamwita tena. Hakuna mpango wa tatu. Hata ukimwambia karani atoe fedha kwa mkono mmoja na kuweka alama kwa mkono mwingine, patabaki nukta ya wakati ambapo moja limefanyika na la pili halijafanyika.

Wahandisi waliligundua jambo hili upya na kulipa majina. Njia ya kwanza wanaiita kwa maneno yenye maana ya "si zaidi ya mara moja", na ya pili "si chini ya mara moja". Tunapendekeza maneno hayo hayo yatumike, kwa kuwa yanasema wazi ni hatari ipi imekubaliwa. Wako wanaoahidi "mara moja tu", na ahadi hiyo yaweza kutimizwa pale ambapo fedha na vema vimo katika leja moja na huandikwa kwa tendo moja lisilogawanyika. Fedha zikiwa nje ya leja, kama zilivyo katika kisanduku cha karani au katika mtandao wa kampuni ya simu, mfasiri asiitumie ahadi hiyo bila kuangalia.

Foleni za ujumbe za kompyuta za aina iliyoenea maofisini zilianza kuwa bidhaa ya kawaida katika miaka ya 1990. MQSeries ya IBM ilitoka mwaka 1993. Mwaka 2003 ilianza kazi ya kutunga kanuni za pamoja, zilizoitwa AMQP, katika benki ya JPMorgan Chase, na RabbitMQ iliyozifuata ilitokea mwaka 2007. Mitambo hiyo ni foleni kwa maana ile tuliyoieleza. Ujumbe hutolewa kwa msomaji, msomaji hukiri, na ukishakiriwa huondolewa. Mtunza foleni ndiye anayekumbuka.

Mwaka 2011 kampuni ya LinkedIn iliachia watu wote programu iliyoitwa Kafka, kwa jina la mwandishi Franz Kafka, na hapo mambo yalibadilika kuliko jina lilivyoonyesha. Kafka si foleni, ni daftari. Ujumbe huandikwa mwishoni mwa daftari, hupewa namba ya mfuatano kama folio, nao hukaa humo kwa muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni siku 7, uwe umesomwa au haujasomwa. Kusoma hakuondoi kitu. Wasomaji kumi waweza kusoma daftari moja, kila mmoja kwa mwendo wake, kama Dar es Salaam na Sphinxhafen. Kwa hiyo daftari halijui nani amefika wapi. Kila kundi la wasomaji halina budi kuacha alama yake lenyewe, na alama hiyo ndiyo pekee inayotenganisha kazi iliyofanyika na isiyofanyika. Watu waliotoka katika foleni wakaingia katika daftari bila kubadili fikra zao ndio waliopata taabu kubwa zaidi, na lugha iliwasaidia kupotea, maana waliendelea kuita vyote viwili foleni.

Sasa tueleze taabu zenyewe, kwa kuwa istilahi isiyomsaidia mtu kutafuta hitilafu ni pambo tu.

Taabu ya kwanza ni ya karani anayeweka vema kwa saa badala ya kuweka kwa kazi. Kafka, isipoelekezwa vingine, huweka alama yenyewe kila baada ya sekunde 5, kwa kuhesabu ujumbe ambao msomaji amekwisha kukabidhiwa. Msomaji akiwa amezigawa kazi hizo kwa wasaidizi wake, alama yaweza kusogea mbele kabla wasaidizi hawajamaliza. Mtambo ukizimika hapo, kazi zile hazitarudi tena, na daftari litaonyesha kwamba kila kitu kilikuwa sawa.

Ya pili ni ya namba yenyewe. Alama moja husimama badala ya orodha nzima: ikisema 15, maana yake vyote vilivyotangulia vimekwisha. Lakini yawezekana ya 13 ilishindikana na ya 14 ikafaulu. Afisa wa masijala anayeandika "nimefikia folio 15" huku folio 13 iko chini ya karatasi nyingine mezani amefanya kosa hilo hilo, ila yeye ataiona siku atakapofagia meza.

Ya tatu ndiyo iliyotushughulisha zaidi, kwa sababu hutokea kimya kimya. Alama nazo huhifadhiwa, na zina umri. Hadi mwaka 2018 Kafka ilihifadhi ujumbe kwa siku 7 lakini alama za wasomaji kwa saa 24 tu, isipokuwa mwenye mtambo awe amebadilisha kipimo hicho. Msomaji asiye na alama alielekezwa, kwa mpango wa kawaida, aanze na ujumbe mpya utakaokuja baada yake. Fikiria basi ofisi iliyozima programu yake Ijumaa jioni na kuiwasha Jumatatu asubuhi. Ujumbe wa Jumamosi na Jumapili umo daftarini salama. Alama imekwisha kufutwa. Programu inaanza na ujumbe wa Jumatatu, hakuna onyo, hakuna kosa lililoandikwa popote, na hesabu ya limbikizo inasoma sifuri. Toleo la mwaka 2018 liliongeza umri wa alama ukawa siku 7, lakini elekezo la kuanza na kipya lilibaki. Tumesikia watu wakiita hali hii kupotea kwa ujumbe. Si kweli, ujumbe haukupotea. Kilichopotea ni kumbukumbu ya msomaji, na anayetafuta ujumbe uliopotea atatafuta mahali pasipo pake.

Ya nne ni ya kukabidhiana. Kundi la wasomaji hugawana mafungu ya daftari. Msomaji akikaa zaidi ya dakika 5 bila kuomba ujumbe mwingine, kundi humhesabu kuwa ameondoka na fungu lake hupewa mwenzake, ambaye huanza palipo na alama ya mwisho. Yule wa kwanza hakuwa ameondoka. Alikuwa na kazi nzito tu, naye anaendelea nayo, na kazi moja inafanywa na wawili. Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa, na kazi ya kununua mazao ikahamia katika mamlaka za mazao, hadi sheria ya mwaka 1982 iliporudisha vyama, kila aliyekabidhiwa leja alikuwa katika hali ya msomaji huyu wa pili: hana kumbukumbu nyingine isipokuwa alama alizoachiwa.

Mtu anayetafuta hitilafu za namna hii yampasa aweke namba tatu kando kwa kando. Namba ya kwanza ni ya ujumbe wa mwisho daftarini, ya pili ni alama ya msomaji. Tofauti yake ndiyo hesabu ambayo mitambo yote huionyesha, na watu wengi huishia hapo. Namba ya tatu haimo katika foleni wala katika daftari: ni idadi ya kazi zilizofanyika kwelikweli, yaani malipo yaliyomo katika leja ya fedha. Ikiwa alama imeitangulia kazi, tafuta ujumbe uliorukwa. Ikiwa kazi imeitangulia alama, tafuta uliorudiwa. Baada ya hapo na atazame saa ambazo alama iliruka mbele ghafula au kurudi nyuma, aulize nani alianza au kuacha kazi saa hizo. Na mahali ambapo kurudiwa hakuepukiki, kazi itengenezwe isidhuru ikirudiwa. Mfano tunao majumbani: namba ya LUKU ina tarakimu 20, na ukiibonyeza mara ya pili mita huikataa, kwa sababu mita inakumbuka kwamba imekwisha kuitumia. Agizo la malipo likipewa namba ya namna hiyo, na anayelipa akaikumbuka, karani wa pili aweza kumwita mkulima wa 40 bila hasara.

Tumefika kwenye istilahi. Kanuni ya kuanza kutafuta ndani ya Kiswahili chenyewe kabla ya kwenda nje imetusaidia hapa kuliko tulivyotazamia.

Kwa anayesoma, baadhi ya wafasiri wameandika "mlaji", neno lililozoeleka katika uchumi, hasa katika sheria za kumlinda mlaji. Tunalikataa kwa daftari, kwa sababu mlaji humaliza anachokula, na hapa hakimalizwi kitu. Msomaji ni neno la haki zaidi. Kwa foleni ya kweli, ambamo ujumbe huondolewa, hatuoni ubaya wa "mchukuzi". Kwa mtambo unaotunza ujumbe limependekezwa "dalali". Lakini dalali ana bei na ana mnada, na huyu hauzi chochote. Mtunza ujumbe yatosha. Na vyombo vyenyewe viwili vitenganishwe: foleni ya ujumbe na daftari la ujumbe.

Kwa hatua tatu tulizoanza nazo, tunapendekeza kufika, kupokewa na kutekelezwa (sisi hupendelea kupokewa, ingawa kupokelewa kumeenea na hatutagombana na mtu). Tendo la msomaji la kuthibitisha mwishoni ni kuweka vema katika daftari, na kukiri katika foleni. Wako watakaosema kwamba "kuweka vema" ni lugha ya shule ya msingi. Ni kweli, na ndiyo sababu kila mtu anaielewa.

Kwa ujumbe ambao bado haujasomwa, "limbikizo" limekwisha kuwa na kazi hiyo: tunasema malimbikizo ya mishahara, nasi hatumaanishi mishahara iliyopotea, bali ile iliyopo na haijamfikia mwenyewe.

Neno lililotutesa ni la ile alama yenyewe. Mwalimu akiingia darasani huuliza, "Jana tulikomea wapi?", nao wanafunzi hutaja somo la mwisho walilosoma. Kwa hiyo tulikaribia kusema "kikomo". Lakini katika Kafka alama hiyo haitaji ujumbe wa mwisho uliosomwa, hutaja wa kwanza ambao haujasomwa. Zaidi ya hayo, hesabu yake huanza na sifuri badala ya moja. Msomaji aliyemaliza ujumbe wenye namba 14 huandika 15. Mfasiri akisema "kikomo ni 15", fundi atakayemwamini atairuka ya 15. Tofauti ya namba moja, katika orodha ya malipo, ni mtu mmoja. Kwa hiyo tunapendekeza "kianzio", tukiongeza katika fasili yake kwamba ni namba ya ujumbe utakaofuata kusomwa, na "kikomo" kibaki kwa mitambo mingine ambayo hutaja wa mwisho.

Limebaki neno moja ambalo hatujaridhika nalo. Ni la lile tendo la kundi kugawana mafungu upya msomaji anapoingia au kutoka. "Kusawazisha" limependekezwa, nalo ni zuri kwa matokeo, lakini halionyeshi kwamba kwa muda huo kazi husimama na mikono hubadilika. "Makabidhiano" linaonyesha kubadilika kwa mikono, ila ofisini makabidhiano hufanywa na watu wawili waliopo wote, kwa hati na saini, ambapo hapa mmoja aghalabu hajui kwamba amekwisha kunyang'anywa. Walimu na wafasiri wenye neno lililo karibu zaidi, hasa linalotumika vijijini pale zamu inapohamishwa bila mwenyewe kuwapo, tutashukuru watuandikie kabla ya kikao kijacho cha istilahi.